Bibi Shamba Aliyeihamishia Alizeti Rweya

Bi Jovitha Kokushubira, bibi shamba wetu hapa Ihanda, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, yote ndani ya Karagwe. Alifika kutoka Muleba na baiskeli ya kazi na koti la mvua lililomzidi. Baiskeli ilichakaa; koti hatimaye likamtosha.

Alitufundisha kukata mibuni mizee na kung'oa migomba yenye mnyauko. Lakini tutamkumbuka zaidi kwa alizeti.

Kikundi chetu cha wakulima kilipoletewa mashine ya kukamua mafuta, yeye ndiye aliyetudhamini. Mbegu za kukamua zisipopatikana ndani ya misimu miwili, mashine ingehamishiwa Kyerwa, naye angebaki kujibu maswali. Katibu wa kikundi, ambaye ndiye anayeandika haya, aliwaeleza wanachama kwa kirefu kwamba jina alizeti limetokana na neno la Kiarabu la mafuta, na kwamba ua lake likiwa changa hulifuata jua tangu asubuhi hadi jioni. Alipigiwa makofi. Kisha wote, katibu akiwa mbele, wakaenda kuipanda kibanjani, yaani shamba la nyumbani, chini ya migomba, mahali ambapo jua huingia kwa kubahatisha.

Tusilaumiwe sana. Kwa mtu wa huku, zao lenye heshima hukaa karibu na nyumba. Rweya, ile mbuga ya wazi, ni ya ng'ombe. Hata katibu, aliyevuka Mto Kagera akiwa kijana na bado huota vilima vya kwao, kwa jambo hili alikuwa mwenyeji kamili. Bi Jovitha naye, mtoto wa migomba, alipanda kibanjani, na stashahada yake ukutani. Alizeti zikarefuka, zikakonda, kila moja ikitazama upande wake kama waumini waliochoka kumsubiri padri. Tukavuna mapepe.

Msimu wa pili aliingia rweya na jembe lake. Vijana wa bodaboda wakampigia kelele: "Mama, unawalimia ng'ombe?" Akajibu bila kuinuka: "Ndiyo, na magunia yao mtayabeba ninyi." Wanawake wa kikundi, wakiongozwa na Placidia, wakamfuata. Sisi wanaume tulifika palizi ikiwa imekwisha, kila mmoja akidai wazo lilikuwa lake.

Magunia yakabebwa kweli. Mashine ikanguruma, ikabaki. Leo mafuta yako kikaangoni, mashudu yanalisha nguruwe na kuku, mabua makavu yanawasha moto, na nyuki wa Mzee Novatus wamenenepa kuliko mwenye mizinga.

Mama Kokushubira, tulihangaika mashine isiondoke Ihanda. Kwamba siku moja utaondoka wewe, hatukuwaza. Asante kwa kutuvumilia. Kapumzike Muleba, upikiwe badala ya kupika, na siku zako ziwe nyingi na njema.