Mzee Njuguna na Chui wa Korongoni

Wachungaji, wazee, jamaa zetu wa Nkoroi na Rongai, na nyinyi majirani ambao marehemu aliwasihi hadi sauti ikamkauka, familia imenituma mimi Shiro, binti wa kaka yake, niwasomee maisha ya mzee wetu, Samuel Njuguna Githongo.

Mzee alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Githunguri, kitinda mimba wa Kiama Githongo na mkewe, akaanza shule hukohuko, kisha mwaka wa 1971 wazazi wakahamia Kitengela, alikomalizia masomo, na mwaka wa 1978 akaajiriwa na wapima ardhi mjini Kajiado.

Kazi hiyo ndiyo iliyomkutanisha na chui. Agosti 1981, akipima mashamba karibu na Rombo, aliona swala ametundikwa kwenye panda ya mti, wenzake wakakimbilia gari, yeye akabaki akistaajabia mnyama anayepanda na mzigo mzito kinywani ili fisi wasimpokonye. Tangu siku hiyo hakupona ugonjwa wa kumpenda chui. Alijifunza kwamba chui huishi peke yake, kwamba dume huweka alama za eneo lake kwa mkojo na kwa kukwaruza miti, kwamba sauti yake ni kama ya mtu anayekata mbao kwa msumeno, na kwamba jike huficha watoto mapangoni, huwahamisha mara kwa mara, na huwalea karibu miaka miwili kabla hawajajitegemea. Ukimwita duma chui mbele yake, ulijuta.

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na Mumbi, wakajaliwa Kiama na Caro, wakafuga mbuzi hapa kando ya korongo, na hapo ndipo taabu yake ilipoanza. Hapa kwetu mtu akisikia chui yuko korongoni, humfunga mbwa nje ya boma alinde mbuzi, na Mzee alichoka kueleza kwamba kwa chui mbwa si askari, ni chakula, na kwamba boma lisilo na paa, tena chini ya mti, ni karamu kwa mnyama anayeingilia juu. Mlimwitikia vizuri sana, "Ni kweli, mzee, tutafunika," mkaenda zenu, sikio la kufa halisikii dawa. Mwaka wa 2019 dume mzee wa korongoni alinaswa kwa mtego wa maafisa wa wanyamapori akapelekwa mbali, watu wakasherehekea, naye akaonya kwamba eneo likikosa mwenyewe vijana wataligombania, na kweli, kabla mwaka haujaisha walikuja madume wawili vijana, hasara ikazidi. Hakuna aliyerudi kumwambia, "Mzee, ulisema kweli." Jambo hilo lilimuuma, na sisi pia lilituuma.

Januari 2025 figo zilianza kumsumbua, akawa akisafishwa damu Kajiado kila wiki, na hata kitandani aliulizia jike wa korongoni mwenye watoto wawili, akihofia kwamba mama atanaswa kabla hawajajua kuwinda. Alituacha alfajiri ya tarehe 2 Juni, mkono wake mkononi mwa Mumbi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wapima ardhi wenzake, Kuntai aliyempeleka hospitali kwa gari lake bila kulalamika, na majirani mliotupikia na kukesha nasi.

Lakini kuna jambo, na hatutalimeza. Jana jioni mlileta mbuzi wa mazishi, Mungu awabariki, mkawafungia kwenye ua usio na paa chini ya mgunga, mkamfunga mbwa kando, katika boma la mtu aliyewakataza miaka yote hiyo. Asubuhi mbwa hayupo, na mbuzi mmoja yuko juu ya mti. Machozi hayajakauka, na tayari tunasikia mtego umeshaitishwa.

Mumbi ameomba maneno yake yasomwe kama alivyoyasema: "Hiyo mtego haitawekwa kwa shamba ya Njuguna. Huyo mama ako na watoto. Mwenye anataka kunipa pole, akuje na waya tufunike hiyo boma leo, kabla mwende nyumbani."

Mzee wetu, umesema vya kutosha, sasa pumzika kwa amani.