Mpini Mmoja, Mitutu Mitatu

Marehemu Orville Kessinger alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 nje kidogo ya Tionesta, Pennsylvania, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Clarence na Bi. Hulda Kessinger, akasoma hapa hapa hadi alipomaliza sekondari Juni 1959, na mwaka 1962 akaajiriwa kiwandani kuwa fundi wa kukereza vyuma, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini na moja bila kupoteza hata kidole, jambo alilopenda kuwakumbusha wenzake waliopoteza.

Tarehe 8 Juni 1963 alifunga ndoa na Arlene Haupt katika kanisa hili, wakajaliwa watoto watatu, Marcia, Doreen, na Wendell, ambaye ndiye anayewasomea.

Mwaka 1974 marehemu alinunua bastola ya risasi moja, ile ambayo ukichomoa pini moja ya chuma mtutu unatoka na kuwekwa mwingine, na wengi wenu mlimcheka, mtu mzima kuingia msituni na risasi moja, naye akawajibu kwamba yeye hana haja ya kumpigia kulungu kelele. Kila mtoto alipofikisha miaka kumi na miwili alimnunulia mtutu wake na kuuchora jina, na mtoto alipohama nyumbani aliondoka nao, lakini mpini wenye kifyatulio ulibaki mmoja tu, jikoni kwa Arlene, hivyo aliyetaka kuutumia mtutu wake ilimbidi arudi nyumbani, na hiyo ndiyo iliyokuwa hila ya baba yao.

Mwaka 2006 Wendell, akiishi Arizona, alinunua mpini wake mwenyewe, akampigia baba yake simu kwa furaha, na marehemu akasema, "Haya, sasa huna haja na sisi," naye Wendell, mwenye kichwa kigumu kama cha aliyemzaa, akaliamini neno hilo na asirudi kwa misimu kumi na mitatu.

Misimu hiyo yote, asubuhi ya kwanza ya kuwinda kulungu, marehemu aliuweka mpini mezani bila mtutu, akawakataza binti zake wasifunge mitutu yao hadi saa sita mchana, na Arlene alipomtania, "Mzee, kulungu wameshakunywa chai wakaondoka," alijibu kwamba Arizona ni mbali.

Oktoba 2018 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akafariki nyumbani Jumanne, tarehe 19 Novemba 2019, siku kumi na moja kabla ya msimu kufunguliwa, Wendell akiwa bado njiani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopasua kuni na kuleta vyakula, wafanyakazi wenzake waliobeba jeneza, na hata wale waliomcheka.

Liko jambo ambalo marehemu hakuambiwa, kwamba ule mpini wa Arizona Wendell aliuuza mwaka 2008, kwa kuwa hakuona raha ya kuwinda nao, akashindwa kusema kwa aibu, na mtutu wake ukakaa kabatini miaka kumi na mmoja. Leo asubuhi, kabla ya kuja kanisani, ameufunga kwenye mpini ulioko jikoni, na pini imeingia bila kugongwa, maana kuna mtu aliyekuwa akiipaka mafuta.

Pumzika kwa amani, baba, nimefika kabla ya saa sita.