Kila Sababu Isipokuwa Joar

Benchi liko ukutani mwa banda la barafu la kuchezea hoki, upande wa jua, na mwezi wa tano ndio mwezi wake. Msimu umekwisha, barafu ya ndani imekwanguliwa na kumwagwa nje kwa trekta, imebaki lundo jeusi la kimo cha mtu linalochuruzika hadi barabarani. Hapo ndipo wazee wa Norrselet wanapomalizia asubuhi zao, kahawa ikiwa ya Gunvor, ambaye ameuza soseji kwenye kibanda cha uwanja miaka thelathini na anaitwa Waziri kwa sababu hakuna jambo la kijiji linalompita. Siku hiyo ilikuwa ya nne tangu Mataji Matatu, timu yetu ya taifa, wapigwe na Norwe mbili kwa moja kwenye robo fainali ya kombe la dunia la hoki ya barafuni. Norwe, jamani! Na timu yetu ilikuwa imeshapewa kombe kabla haijafungua mabegi, ikarudi nyumbani mikono mitupu kama kawaida yake.

— Mimi nawaambieni, ni viatu, alisema Sixten. Sixten amenoa viatu vya barafu, vile vyenye makali chini, vya kijiji kizima tangu ujana wake, wanamwita Tupa. — Siku hizi vinanolewa na mashine. Mashine haina mkono. Nimewatazama wale vijana kwenye televisheni, wanakata kona kama gari la kuni.

— Acha zako, Tupa, alisema Gunvor huku akimimina kahawa na kutumbukiza vipande vya jibini vikombeni, kama ilivyo desturi ya huku. — Na Wanorwe wananoa na nini? Na meno?

— Wanorwe hawanoi kabisa. Wanaanguka mbele, wakiinuka wanakuta wamefunga.

Walicheka kidogo, kicheko cha kukohoa, halafu kikaisha. Mwisho wa benchi alikaa Halvar, ambaye hakucheka. Huyu ndiye Kufuli. Jina alilipata enzi zake za golini, likabaki naye hata baada ya yeye na goli kuachana. Macho yake yalikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba ya njano ya binti yake Marit. Mapazia ya jikoni yalikuwa yamefungwa. Nje, kando ya pipa la taka, palikuwa na begi kubwa la bluu, refu kama jeneza la mtoto, limewekwa pale tangu jana jioni.

Kila mtu kwenye benchi alikuwa ameliona begi lile. Kila mtu alijua pia kuwa leo Alhamisi, na gari la taka hupita kabla ya saa sita mchana.

— Viatu ni jambo dogo, alisema Birger. Huyu alifundisha fizikia shuleni miaka na miaka, na tangu astaafu hajaacha kufundisha, ndiye Profesa. — Tazameni chakula. Zamani mchezaji alishindiliwa madonge ya viazi na nyama ya nguruwe, anaingia uwanjani mzito, ukimsukuma hasukumiki. Leo anapimiwa majani kama sungura. Akiguswa na Mnorwe anapeperuka.

— Kocha naye ana mpishi wake, Gunvor alisema. — Mpishi wa kupika saladi! Mtu anasomea hiyo?

— Na majina je? Sixten akadakia. — Mataji matatu ya nini? Mtu ana kichwa kimoja. Taji moja anavaa, mawili anabeba mikononi. Sasa gongo la kuchezea atalishika na nini?

— Ehe, hapo umesema kitu, alisema Birger.

— Nimesema kitu kweli. Mwenzetu Mnorwe hana taji, ana mikono yote miwili.

Halvar akavuta pumzi kidogo kwa mdomo, fyu. Ndivyo watu wa huku wanavyosema ndiyo wasipotaka kufungua kinywa. Aliwashukuru, na papo hapo aliwachukia. Siku nne sasa walikuwa wakimfanyia hisani hii: kutafuta sababu kila mahali, viatuni, jikoni, angani, ili mradi wasiifikie ile moja. Kwa sababu goli la pili la Norwe liliingia hivi: kisahani, ule mpira bapa wa hoki, kilipigwa kutoka katikati ya uwanja na mtu aliyekuwa anataka tu kwenda kupumzika benchini, kikaja taratibu juu ya barafu, hakuna aliyekigusa njiani, kikapita katikati ya miguu ya golikipa. Dakika nne zilikuwa zimebaki. Golikipa alikuwa Joar, mtoto wa Marit, mjukuu wake yeye Halvar, miaka ishirini na mitatu, mchezaji wa kwanza kabisa kutoka Norrselet kuvaa yale mataji.

Profesa naye alishanogewa.

— Mnasahau jambo la kisayansi. Mwanga! Mwezi huu mwili wa mtu wa kaskazini haujui giza. Usiku wote kweupe, sivyo? Sasa mchukue huyo mtu mpeleke kusini, kwenye mji ambao jua linazama. Mwili unashtuka. Unasema, kumbe baridi imerudi. Unajikunja kama dubu anayejiandaa kulala. Kwa hiyo mchezaji yeyote anayetoka huku kwetu—

Akanyamaza. Mchezaji anayetoka huku kwetu alikuwa mmoja tu.

Wote wakalitazama lundo la barafu. Tone lilianguka, likafuatiwa na jingine. Gunvor alizungusha kifuniko cha chupa ya kahawa, akakifungua, akakizungusha tena. Shingo ya Birger ilikuwa imewiva kwa aibu, na Halvar akatamani kumwambia usijali, ndugu yangu, maliza kusema. Kwake maneno hayakuwahi kuja kwa haraka.

Sixten ndiye aliyemwokoa Profesa.

— Taa! alipiga kelele. — Jamani, mbona tunazunguka? Ni taa za uwanja ule! Mimi niliziona, zinapepesa. Kisahani kinaonekana, hakionekani. Ni zilezile za Halvar!

— Eeeh, alisema Gunvor kwa nafuu kubwa. — Zile taa za fainali ya wilaya.

— Miaka arobaini na sita, na bado taa zinatuonea! Mnakumbuka? Kufuli yuko golini, tumebakiza dakika moja tubebe kombe, taa zikapepesa pwaa, wale wa ng'ambo ya mto wakapata goli. Lisingeingia lile, bwana, kama taa zisingepepesa. Umeme ule! Nani aliulizwa kuhusu ule umeme? Hakuna!

— Hakuna, alisema Birger.

Halvar akavuta pumzi. Fyu.

Taa hazikupepesa. Hazikuwahi kupepesa usiku ule, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote duniani. Alipotoka kubadili nguo siku ile wenzake walikuwa wameshakubaliana juu ya taa, wakampisha njia, wakampigapiga begani, wakazungumza habari za umeme mpaka alipofika nyumbani kwake. Kesho yake hakuna aliyegonga mlango. Walimwachia nafasi, ndivyo tunavyosema huku, mtu mwenye machungu anaachiwa nafasi. Alikaa kwenye ile nafasi wiki tatu akisubiri mmoja wao aje amtukane, amwambie Halvar wewe umetuua. Hakuna aliyekuja. Akachukua gongo lake na mavazi yake ya golini, akavipeleka vyote jaani, na tangu siku hiyo hajakanyaga barafu, hata ya mtoni.

Hilo hakumwambia mkewe hadi anamzika. Na sasa mjukuu wake alikuwa na siku tatu ndani ya ile nyumba ya njano, hatua sitini kutoka kwenye benchi, na yeye babu mtu alikuwa hapa, anakunywa kahawa, anamwachia nafasi.

Gari dogo jeupe likasimama mbele ya lundo. Akashuka Tesfay, ambaye ana miezi mitatu tu kijijini. Kazi yake ni kuwapitia wazee majumbani na dawa zao. Birger hakai nyumbani, kwa hiyo dawa yake ya macho humfuata benchini.

— Shikamooni, wazee wangu. Mzee Birger, kichwa juu.

Birger akainua kichwa, akatiliwa matone, akapepesa.

— Bwana Tesfay, kaa unywe, Gunvor alisema. — Imebaki kidogo. Tunazungumza mambo ya taifa.

— Yale ya Wanorwe?

— Tumeshapata jibu, Sixten alisema. — Ni taa.

— Na saladi, alisema Birger, machozi ya dawa yakimtiririka.

— Na wingi wa mataji, Sixten akaongeza. — Wewe unaonaje?

Tesfay alikishika kikombe kwa mikono miwili. Alikuwa mtu wa adabu, akafikiri kwanza.

— Mimi huu mchezo siujui, wazee wangu. Nilikuwa nauliza tu. Yule golikipa si ndiye anayekaa pale? Akaonyesha nyumba ya njano kwa kidevu. — Yeye mwenyewe anasemaje?

Birger akajifuta macho kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

— Nani amemuuliza? Tesfay akaendelea, bila ubaya wowote. — Siku zote hizi, nani ameingia pale?

Gunvor, Waziri mwenyewe, alikuwa akitazama viatu vyake. Akainamisha chupa juu ya kikombe cha Halvar. Yakatoka matone mawili, na mashapo ya kahawa.

— Imekwisha, alisema.

Halvar akasimama. Alivuka barabara bila kutazama huku wala huku. Alipolifikia begi la bluu, lenye mavazi ya golini ya Joar, hakuligusa. Huku kwetu mlango wa mtu wako haubishwi. Akaufungua, akavua viatu, akapita hadi jikoni.

Joar alikuwa mezani, na fulana ya juzi, mbele yake kipande cha mkate kilichokauka kingo. Aliinua macho, na Halvar akaona kuwa mtoto huyu alikuwa anasubiri kutukanwa. Aliijua ile sura. Aliwahi kuivaa.

— Babu.

— Joar.

Akavuta kiti, akakaa. Mbali, upande wa kanisani, gari la taka lilisikika likisaga.

— Wale pale benchini, Halvar alisema, wanasema ni taa.

Joar akatazama mkate.

— Mimi sikuja kusema habari za taa. Nimekuja kukuuliza. Ilikuwaje?

Halvar alimwacha anyamaze, lakini safari hii hakuondoka.

— Nilikiona, Babu, Joar alisema hatimaye. — Tangu kinapigwa. Nilikiona njia nzima. Nikasema hiki changu, nikawaza jinsi mtakavyofurahi huku, nyinyi wote... na kikapita.

Halvar akavuta pumzi, fyu, akaona haitoshi.

— Na mimi nilikiona, alisema.

— Kipi?

— Kile changu. Hazikupepesa zile taa. Nilikiona chote. Nilikuwa nawaza kombe. Halvar hakuwa amewahi kumwambia mtu hili. — Nikatupa vitu vyangu jaani ili nisikione tena. Nimekiona kila siku, Joar. Hata leo nikinyoa ndevu.

Gari la taka lilifunga breki kwa jirani. Mapipa yakagongana. Wote wawili walilisikia.

Joar akainuka ghafla hadi kiti kikaanguka, akatoka mbio na soksi. Halvar akafungua pazia. Kijana alikuwa barabarani kwenye tope la lundo, amelikumbatia begi la bluu kwa mikono yote miwili, anatikisa kichwa kumwambia dereva hapana, hapana, si hili. Ng'ambo, Sixten, Birger na Gunvor walikuwa wameligeukia lundo la barafu kwa pamoja, wanalichunguza kana kwamba wameliona leo. Tesfay peke yake ndiye aliyeinua mkono kumsalimu. Joar hakuwa na mkono wa kumrudishia.