Usikate, Ng'oa

Sikilizeni wanangu, wote watatu, na wewe kitindamimba acha kulia, machozi utayahitaji baadaye. Sogeeni, sauti imebaki kidogo, na mama yenu mdogo yuko uani anaanika masuke ya fagio. Sitaki alisikie hili nikiwa hai.

Tangu mkiwa wadogo nimewaambia kwamba mdogo wangu naye aliachiwa na marehemu mama yetu mteremko wa nyasi za fagio, sawa na huu wangu, ukamfia kwa kuwa hana bahati na udongo. Uongo. Niliuua mimi.

Yule alizaliwa kupendwa. Tulifunga fagio kwenye mkeka mmoja, nyasi zilezile, kamba ileile, lakini sokoni wateja walizipita zangu kana kwamba ni kuni. Ufagio wake ulidumu mwaka. Wangu ulinyonyoka kabla sebule haijaisha kufagiwa. Siku moja akaniambia kwa upole, "Dada, labda unakaza sana kamba." Upole ule ndio ulionichoma. Angenicheka, ningemsamehe.

Mama alipokufa tukagawana shamba. Mimi ndiye niliyekuwa nikivuna na mama. Yeye masuke yalimfikia uani yamekwisha kusawazishwa. Akaniuliza, "Dada, zinavunwaje?" Nikamjibu, "Usikate, ng'oa. Mizizi ya zamani ikitoka, mipya hupata nafasi." Nanyi mnajua nyasi hizi hukatwa kwa mundu, shina likabaki lichipue. Aling'oa mteremko mzima kwa siku nne, huku akiimba, na jioni akanishukuru. Mvua ziliposhuka, udongo ukaishia barabarani, yeye akabaki na mawe.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwake. Miaka ishirini na miwili amenifungia fagio, nami nikiwakataza kumpeleka shambani, ati atatuletea nuksi, kumbe nilihofia asije akauona mundu. Na wivu haukupoa, wanangu, msidanganyike. Hata leo nikisikia mteja anauliza, "Yule mama wa fagio nzuri yupo?" moyo unaniwaka, kifo chenyewe kikiwa mlangoni.

Basi shikeni agizo langu. Mteremko wangu ni wake, wote, si nusu. Wewe mkubwa, najua umeshautia macho, yafumbe. Mtampeleka shambani, mtampa mundu wangu, mtamwonyesha pa kukata na mtamweleza ni nani aliyemdanganya. Msinipambe. Semeni ni dada yake.

Ila msimwambie kabla sijazikwa. Namjua. Atakuja kupiga magoti kando ya kitanda hiki, atanishika mkono, atasema, "Dada, yamepita." Sitaki kuliona hilo. Kwa fagio amenishinda maisha yangu yote. Na kwa kusamehe pia anishinde, nami nimelala, siwezi hata kugeuza uso?

Niinueni kidogo... hapo. Maji... hapana, msimwite yeye, leteni nyie.

Msigombane. Msile kiapo juu ya kaburi langu. Mungu awape riziki, awape usingizi ambao mimi sikuupata, awape mikono... si kama yangu. Kama ya mama yenu mdogo.

Haya, nimemsifu. Na hilo... hilo nalo msimwambie.