Cherehani Tisa za Kuazima

Basi la asubuhi likipita Makongeni, Nakhumicha alikuwa amekwisha kumwambia mzee wa kofia aliyeketi kando yake siri aliyomficha hata mumewe. Mgeni wa basini hana wa kumpelekea siri hiyo. Kampuni kubwa ilitaka kumpa kazi ya kushona ovaroli, na leo afisa wao angekuja Majengo kukagua karakana. Yeye ana cherehani moja tu. Tisa ameazima kwa majirani, pamoja na wenyewe, wajifanye wafanyakazi wake.

"Na kazi mtagawanaje?" mzee akauliza.

"Hayo hatujaongea, mzee wangu."

"Mama, hawa wakubwa nawajua tangu mwaka wa sitini na tisa. Hutununua mmoja mmoja. Afisa akiinamia kila cherehani, utasikia anachonong'onezwa?"

Nakhumicha akakumbuka jana Waringa, mmoja wa majirani wale tisa, alivyomuuliza jina la afisa, kwa upole usio wake.

"Sasa nimwambie nini?"

"Ukweli. Mko kumi, na bei yenu ni moja."

"Na akienda kwa mwingine?"

Basi likasimama Majengo. Ng'ambo ya barabara afisa alikwisha kufika, na majirani wote tisa walikuwa wamemzunguka, kila mmoja amevaa nguo za Jumapili, si za kazi.