Kibao na Ndoo: Maisha ya Fundi wa Pampu

Mpendwa wetu, ambaye wengi tulimwita Fundi Ndoo, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1964 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa nne wa mshona viatu. Marehemu mama yake alisimulia kwamba hakulia sana. Alikodoa macho tu, kama mpangaji mpya anayekagua dari.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1971 hadi 1977. Kwa kupenda kuuliza, alichapwa kuliko watoro.

Mwaka 1983 aliajiriwa idara ya maji, kwenye nyumba ya pampu, akadumu hapo miaka arobaini. Kila pampu huja na kibao cha bati kinachosema inatoa lita ngapi kwa dakika. Marehemu hakukisoma kabla hajapima. Aliweka ndoo chini ya bomba, akatazama saa, ndipo akasoma. "Kibao kimeandikwa na anayeuza," alizoea kusema. "Ndoo haina ndugu."

Tarehe 14 Desemba 1991 alifunga ndoa na mpishi wa shule. Siku ya posa alijisifu mpaka chai ikapoa: hanywi, hapigi, atajenga. Baba mkwe, aliyezijua tabia zake za kazini, akamjibu, "Mkwe, hicho ni kibao. Ndoo tutaiona." Watu wakacheka, naye akacheka. Nyumba aliijenga, na walijaliwa watoto watatu.

Februari 2022 kitinda mimba wao, binti wa miaka ishirini na moja, aliondoka kwenda kujiunga na wale wenye silaha wa milimani. Juu ya kitanda chake aliacha karatasi yao iliyopigwa chapa: *Mnyonge kwanza. Maji, dawa na ardhi kwa wote.* Chini aliandika kwa mkono, "Baba, soma, utaelewa." Mama mtu alitaka kuitia motoni. Marehemu akamshika mkono.

"Usiichome, mama watoto. Mwanetu si mjinga. Maneno haya ni mazuri, hata mimi nayataka. Ngoja nipime."

Akaanza kuandika nyuma ya karatasi kila walilolitenda wale wa milimani. Zahanati ya sokoni imechomwa. Foleni ilikuwa ya wajawazito. Daraja limelipuliwa, wamekufa wachuuzi watatu wa mboga. Kila mara alimwuliza mkewe, "Wewe unaona ni mnyonge gani aliyepata?" Hakuuliza kwa kebehi. Alitaka kujua kweli, maana mtoto wake alikuwa ndani ya jibu.

Tarehe 17 Mei 2023 waliilipua nyumba ya pampu, iliyonywesha mitaa minne isiyo na tajiri hata mmoja. Marehemu alikuwa zamu, na ukuta ulimwangukia kifuani. Wiki ya sita, bandeji bado mwilini, alirudi kufunga pampu mpya. Mkewe alimwambia, "Baba watoto, utakufa na spana mkononi." Akasema, "Basi na ndoo uiweke karibu." Aliipima: ndoo ilijaa kwa sekunde kumi na tisa. Kisha akatoa karatasi, akaongeza mstari wa mwisho: *Pampu.*

Kifua hakikupona. Alilazwa mara tatu, na tarehe 20 Januari 2024, saa nne asubuhi, akatutoka. Siku mbili kabla, mkewe alimwuliza, "Akirudi nimwambie nini?"

Alijibu kwa pumzi fupi, "Usimgombeze. Mpe karatasi, aigeuze. Halafu uniulizie, yeye kule aliona nini? Labda ipo ndoo ambayo mimi sikuiona."

Ameacha mjane, dada wawili, wajukuu wanne na watoto watatu. Tumesema watatu, na hatujakosea hesabu. Nakala moja ya wasifu huu itawekwa juu ya kitanda kile kile, pamoja na karatasi yake na kalamu.

Pumzika, Fundi Ndoo. Maji yanatoka.