Historia ya Mama Una Uhakika, Mtafiti wa Saratani

Ndugu wafiwa, majirani zetu, nanyi wenzake wa maabara mliofunga kazi leo ili mje kumsindikiza, mimi ni mdogo wake marehemu, niliyemfuata kuzaliwa, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nitasoma polepole, kwa kuwa macho yangu si ya jana, na kwa kuwa karatasi hii aliiandika mwenyewe mwezi uliopita, nami nimeongeza tu pale alipojinyima sifa na pale panaponihusu mimi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa baba aliyekuwa fundi wa reli na mama aliyekuwa mfuaji wa mashuka hospitalini, na tangu utotoni alikuwa mtu wa kubandikia majina kila kitu, chumvi, sukari, mafuta ya taa, hata shati langu, ambalo aliliandika “la mdogo, chafu”, nikaenda nalo shule bila kujua, na hadi leo wako wazee wanaonitania kwa hilo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, na sekondari ya wasichana ya bweni kuanzia 1965 hadi 1970, ambako mwalimu wa biolojia alimruhusu abaki na hadubini kila Jumamosi, kisha akaingia chuo kikuu mwaka 1971 na kuhitimu mwaka 1974. Mwaka huohuo aliajiriwa kuwa msaidizi katika taasisi ya utafiti wa tiba, akaosha vyombo vya kioo miaka minne bila kunung'unika, kisha akapelekwa ng'ambo mwaka 1978 kusomea biolojia ya molekuli, yaani kuichunguza seli hadi kwenye vinasaba vyake, akarudi na udaktari wa falsafa tarehe 2 Agosti 1983, na koti moja zito ambalo hakulivaa tena.

Alifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1984 na mpima ardhi, mtu mpole ambaye alizoea kusema kwamba yeye hupima mashamba na mkewe hupima visivyoonekana, wakajaliwa watoto wawili, binti ambaye ni mfamasia na mwana ambaye ni fundi wa majokofu, na wajukuu watatu. Mumewe alitangulia mbele ya haki tarehe 30 Mei 2013, na tangu hapo marehemu alilala upande ule ule wa kitanda, upande wa pili akaweka vitabu.

Mwaka 1991 aliteuliwa kuwa mkuu wa maabara ya saratani, na tarehe 6 Juni 1994 alipokea kipande cha uvimbe kutoka kwenye umio wa mgonjwa mmoja, mama mshona nguo aliyekuwa hawezi tena kumeza hata uji, ambaye alikubali kwa hiari yake, akasema kama yeye hatapona basi angalau wenzake wapone kwa kupitia yeye. Mama huyo alifariki baada ya wiki tano, lakini seli zake zilikua chupani, na dada yetu aliwaambia wote, akiwemo binti wa marehemu yule, kwamba mama bado anafanya kazi. Kila mwaka binti alipita maabara kuuliza hali, wakamwonyesha chupa kwenye kabati la joto, akaitazama, akaenda zake. Kutokana na seli hizo dada aliandika makala tano kati ya mwaka 1997 na 2005, zikasomwa mbali, akaitwa kwenye mikutano, na sisi nyumbani tukatembea vifua mbele kana kwamba tulizikuza sisi.

Sasa nafika mahali ambapo jana usiku baadhi yetu, na wakubwa wawili wa kazini kwake, waliniomba niparuke, wakisema marehemu hasemwi ila kwa mema, nami nawaheshimu, lakini mwenye karatasi ameandika pembeni, kwa kalamu nyekundu, “hapa usiruke”.

Tarehe 19 Septemba 2006, taasisi ilipopata mashine mpya ya kusoma alama za vinasaba, aliamua kuzipima seli zake kabla ya kuzituma kwa watafiti wengine, akalinganisha na kipande cha awali cha mgonjwa kilichokuwa kwenye barafu, akakuta havifanani. Seli zile hazikuwa za mama mshona nguo, zilikuwa za aina nyingine, za kununuliwa, zilizokuzwa kwenye chumba hicho hicho, ambazo hukua upesi kama magugu, na tone moja tu likiingia chupa ya jirani hula kila kitu na kuacha kibandiko kikisema uongo. Alipekua madaftari ya miaka kumi na miwili peke yake, akakuta ukurasa wa tarehe 3 Novemba 1995, siku ambayo maji ya kulishia seli yalikuwa machache, na mtu mmoja alitumia chupa moja ya maji hayo kwa aina zote mbili, jambo lililokatazwa, na mwandiko ulikuwa wa dada mwenyewe. Palikuwa na vichupa viwili vya seli za mama yule vilivyogandishwa kabla ya siku hiyo, akaviyeyusha kwa mikono yake, akasubiri majuma sita, havikuamka.

Alikuja kwangu Jumapili iliyofuata. Mimi wakati huo nilikuwa karani wa mahakama, mtu wa kuapisha mashahidi, naye akanieleza yote, akaniuliza ningefanyaje, nami nikamwambia, “Dada, nani atajua? Funika kombe mwanaharamu apite.” Akasema, “Na mgonjwa atakayetibiwa kwa maandishi yangu, huyo ndiye mwanaharamu?” Akachukua mkoba wake, akaondoka, chai yake akaiacha.

Aliandika barua tano kwa majarida yaliyochapisha kazi yake, makala zote tano zikafutwa, na tarehe 1 Machi 2007 aliondolewa ukuu wa maabara, akapewa meza kwenye chumba kilichokuwa stoo ya makaratasi, dirisha likitazama ukuta. Aliwahi kumsimulia mke wangu, si mimi, kwamba barua hazikumtesa kama safari ya kwenda kwa binti wa mshona nguo, ambaye alisikiliza mpaka mwisho, mkasi mkononi, kisha akasema, “Kwa hiyo mama alikufa tangu siku ile.” Dada akaketi naye mpaka jioni.

Miaka kumi iliyobaki ya kazi aliitumia kuwafundisha mafundi wa maabara kupima seli zao kabla ya kuziamini, akizunguka meza hadi meza na swali lake moja, una uhakika, mpaka wakamwita Mama Una Uhakika, wengine kwa mapenzi, wengine wakijificha chooni wakisikia viatu vyake. Maabara tatu zilikuta chupa zao nazo zina uongo, mbili zikamshukuru, ya tatu ikaacha kumsalimia. Alistaafu tarehe 14 Machi 2017 bila sherehe.

Wanaonong'ona kwamba ugonjwa alioutafuta ndio uliomchukua, naomba waache, marehemu hakuwa na saratani, aliugua figo tangu Aprili 2019, akasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na Jumatatu zote nilimpeleka mimi. Alifariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliochota maji na kulala nasi chini siku hizi zote, wenzake wa kazini, hata wale walioacha kumsalimia, kwani leo mmekuja, na binti wa mama mshona nguo, aliyeketi pale nyuma tangu asubuhi na kukataa kiti cha mbele.

La mwisho ni langu, halimo kwenye karatasi. Tangu Jumapili ile dada alinipa salamu, alinipa chakula, alinipa wajukuu niwabebe, lakini habari za kazi yake hakunipa tena, nami niliona sababu na nikanyamaza, nikijiambia ipo siku. Dada, wewe ulikiri kosa lako mbele ya ulimwengu mzima, mimi nilishindwa kukiri langu mbele yako peke yako, Jumatatu baada ya Jumatatu, tumekaa kiti kwa kiti. Nilikushauri vibaya. Nisamehe, na pumzika kwa amani.